Pengo, Nundu na Shabaha: Historia ya Gobori na Macho ya Uzeeni

Ukishuka matatu pale Mamboleo, Kisumu, kando ya barabara ya Kakamega, mtazame fundi wa nguo aliyevuka miaka hamsini akitunga uzi kwenye sindano. Huisogeza sindano mbali na uso hadi mkono unanyooka. Kichwa hukirudisha nyuma, jicho moja hulifumba. Akikosea mara tatu humwita kijana wa kibanda cha jirani, na kijana hulitimiza jambo lile kwa mara moja, bila hata kukatiza mazungumzo yake.

Mwondolee fundi huyo sindano, umpe bunduki ya zamani. Mkao wake hautabadilika: mkono mbele, kichwa nyuma, jicho moja limefumbwa. Na tatizo lake litakuwa lile lile. Historia ya gobori katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria imezoeleka kusimuliwa kwa pembe za ndovu, watumwa na vita. Ndani yake mna historia nyingine ya kimyakimya, inayohusu jicho la mtu mzima: lini bunduki ilianza kulidai jicho kali, nani alipewa bunduki ya namna hiyo na nani alinyimwa, na wazee walibuni nini macho yalipowasaliti.

1833–1888: Bunduki isiyouliza umri

Gobori hushindiliwa kwa mdomoni. Hutangulia baruti, hufuata tambara au nyuzi za kuizibia, kisha risasi, na vyote husukumwa chini kwa mdeki. Watu wa pwani walizipa bunduki majina kwa jinsi zilivyowashwa. Ya mrao iliwashwa kwa utambi wa moto, ya gumegume kwa jiwe lililogonga chuma, na ya fataki kwa kifuniko kidogo chenye dawa ya kulipuka. Zilipofika ziwani, Wajaluo walilichukua neno la pwani na kulifupisha. Mpaka leo, kwa Kijaluo, bunduki ni *bunde*.

Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Kifungu kimoja kilihusu silaha. Katika kisiwa cha Unguja, bunduki na baruti ziliuzwa kwa serikali peke yake. Katika bandari zake nyingine ziliuzwa bila kizuizi. Seyyid hakutaka gobori mlangoni pake, ila hakuona ubaya likielekea bara. Likaelekea. Misafara ililibeba hadi Tabora na Ujiji, ikalipandisha magharibi ya ziwa, na kufikia mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwa amekwisha kufika katika kasri la Kabaka (mfalme) Suna wa Buganda. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilipita hapo kila mwaka kuelekea bara.

Nyingi zilikuwa bunduki zilizostaafishwa na majeshi ya Ulaya, au zilizofuliwa kwa bei nafuu kwa ajili ya soko la Afrika. Mtutu wake ulikuwa laini kwa ndani kama bomba la maji. Risasi ya duara ilitoka ikigongagonga kuta za mtutu, na kupita hatua mia moja hakuna aliyejua itaangukia wapi. Kwa hiyo mafundi hawakujisumbua na vyombo vya kulengea. Karibu na mdomo waliweka kinundu kidogo cha chuma, na upande wa nyuma mara nyingi hapakuwa na kitu.

Bunduki ya namna hiyo hailengwi kwa maana ya sasa, huelekezwa. Wawindaji wa ndovu, wakiwemo Wamakua waliosifika kwa kazi hiyo mpaka Unyamwezini, walitegemea kumkaribia mnyama. Walisoma upepo, wakapima ukimya wa miguu, wakavumilia hadi mnyama awe hatua chache mbele yao. Elimu hiyo huongezeka kwa miaka. Mzee aliyekuwa haoni tena tundu la sindano aliweza bado kuwa mwindaji bora kuliko mwanawe, kwa sababu gobori lake halikumtaka aone kitu chochote kidogo.

1862: Zawadi katika kasri la Mutesa

Bunduki ya namna nyingine ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Februari 1862 Mwingereza John Hanning Speke aliingia katika kasri la Kabaka Mutesa akiwa na zawadi nyingi. Miongoni mwake zilikuwamo darubini, bastola, bunduki fupi tatu, na bunduki moja aina ya Whitworth.

Hiyo Whitworth nayo ilishindiliwa kwa mdomoni, ila undugu wake na gobori la Unguja uliishia hapo. Mhandisi Joseph Whitworth wa Manchester alikuwa ameupa mtutu umbo la pembe sita linalojisokota kwa ndani, na risasi ikatoka inazunguka kama pia. Kitu kinachozunguka hushika njia yake. Tarehe 2 Julai 1860, huko Wimbledon, Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye kifyatulio cha Whitworth iliyotegeshwa juu ya kiti cha chuma. Umbali ulikuwa yadi 400, yaani mita 366. Risasi iligonga sentimita tatu hivi kutoka katikati ya shabaha.

Hapo ndipo bunduki ilipoanza kumdai mwenye macho. Mtutu ukiweza kugonga kitu kidogo kwa mbali, mpigaji naye hana budi kukiona. Chuma kilikuwa kimemtangulia mwanadamu: malkia hakuhitaji kulenga kwa sababu kiti kilimlengea, lakini askari na mwindaji hawana kiti cha chuma.

Mutesa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na macho yake hayakuwa na kasoro inayojulikana. Hata hivyo tukio la bunduki lililokumbukwa zaidi katika ziara ile halikuhitaji jicho kabisa. Speke aliandika kwamba Kabaka alishindilia bunduki fupi moja, akamkabidhi mtumishi mdogo na kumwamuru akampige mtu katika ua wa nje. Mtoto alikwenda, akaua, akarudi amefurahi. Kwa umbali wa ua, bunduki ya bei ghali na ya bei duni ni sawa, na jicho la mtoto na la mzee ni sawa.

1864–1879: Sababu yajulikana, dawa yapatikana

Miaka miwili baada ya Speke kuondoka Buganda, daktari wa macho wa Uholanzi, Franciscus Donders, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu jinsi jicho linavyojirekebisha kuona karibu na mbali. Ndani ya jicho mna lenzi laini. Ukitazama mbali hutandaa. Ukitazama karibu hunenepa. Kadiri umri unavyosonga, lenzi hukakamaa na kushindwa kunenepa. Si ugonjwa, wala si malipo ya kusoma usiku kwa taa ya koroboi. Humfika kila aishiye.

Donders alikipima kipawa hicho, na vipimo vyake sasa hutajwa kwa dayopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi. Mtoto wa miaka 10 huwa na dayopta 14 hivi, na huona vizuri kitu kilicho sentimita 7 kutoka jichoni. Kwenye miaka 40 hubakiwa na 4.5. Kwenye 50 ni 2.5, maana yake kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 40 humvurugikia. Kwenye 60 hubaki dayopta moja, na mpaka wake ni mita nzima.

Sasa yalete mahesabu hayo kwenye bunduki ndefu ya kushindilia. Mpigaji hutakiwa kuvipanga vitu vitatu katika mstari mmoja: pengo la nyuma lililokatwa kwenye kibati juu ya mtutu, nundu ya mbele karibu na mdomo, na shabaha yenyewe. Pengo liko sentimita 40 hivi kutoka jichoni, nundu iko mita moja, na shabaha iko mita mia. Hakuna jicho linaloweza kuviona vyote vitatu kwa ukali kwa wakati mmoja, hata la kijana. Kijana huruka kutoka kimoja hadi kingine upesi kiasi kwamba hajui anaruka. Mtu wa miaka 50 yuko kwenye ukingo: pengo la nyuma ndilo linaloanza kumponyoka. Kwa wa miaka 60 pengo limekwisha kuwa ukungu, na nundu inaning'inia mpakani. Kinachomsalia wazi ni shabaha, nayo haimfai bila viwili vya kwanza.

Dawa bora ilikuwa imelala katika elimu ya kale. Mwanzoni mwa karne ya 11, mjini Cairo, Ibn al-Haytham alichunguza jinsi mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuchora picha ndani ya chumba chenye giza. Tundu dogo huruhusu miali michache iliyonyooka na kuizuia ile inayotawanyika, ambayo ndiyo mama wa ukungu. Mwaka 1879 William Lyman wa Connecticut, Marekani, alipata hataza ya kilengeo chenye kijiduara kinachokaa karibu sana na jicho, nyuma kabisa ya bunduki. Vilengeo vya tundu vilikuwapo kabla yake. Yeye alikipa chake ukingo mwembamba na tundu linalorekebishika, kikawafaa wawindaji wa kawaida.

Uzuri wa tundu ni kwamba halitazamwi. Mpigaji hutazama kupitia kwake, na jicho lenyewe huiweka nundu katikati ya duara, kwa kuwa hapo ndipo penye mwanga zaidi. Kazi tatu zimekuwa mbili, na hizo mbili zimesogeleana kwa ukali. Gharama yake ni mwanga: alfajiri na magharibi, saa ambazo wanyama hutembea, tundu huwa kiza.

2 Julai 1890: Mstari wa Brussels

Miaka 30 kamili tangu Malkia Victoria avute kamba ya Wimbledon, siku ile ile ya 2 Julai, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na kifungu kuhusu silaha. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini barani Afrika, uingizaji wa bunduki na baruti ulikatazwa. Ila kwa wenyeji mkataba uliacha mlango mmoja: bunduki za gumegume zisizo na mifuo (mikato ya kuizungusha risasi) ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, zingeweza kuruhusiwa.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuwanyang'anya nguvu wakamata watumwa, na ni kweli gobori lilikuwa chombo chao. Matokeo yake yalikwenda mbali zaidi. Sheria iligawa vyuma kwa watu. Bunduki yenye mifuo, inayodai na kustahili kulengwa, ikawa ya askari wa serikali, mlowezi na mgeni mwenye leseni. Gumegume lisilo na mifuo, teknolojia ya karne ya 17, ndilo lililoachiwa Mwafrika, tena kwa kibali.

Hapa ziwani tofauti hiyo ilionekana upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 askari wa himaya ya Uganda chini ya ofisa Mwingereza C. W. Hobley walipozipiga jamii zilizokataa kutii katika ufuo wa ghuba ya Winam, wengi wa wenyeji walikuwa na mikuki na ngao. Hadithi za vita hivyo husifu ushujaa wa upande mmoja na nidhamu ya upande wa pili. Umbali pia ulipigana: mkuki hufika hatua thelathini, risasi iliyolengwa hufika mamia.

Kwa hiyo mwindaji mzee wa Kiafrika hakuwahi kukabiliwa na swali la pengo na nundu. Hakuponywa tatizo hilo. Alinyimwa bunduki ambayo ingemletea.

1901–1917: Wazee wawili wapita Kisumu

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence kabla ya jina la wenyeji, Kisumu, kushinda. Kwa bandari hiyo walipita watu wawili wanaolionyesha tatizo letu vizuri kuliko kitabu cha daktari.

Wa kwanza ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani. Alishuka Mombasa Aprili 1909, akawinda miezi mingi pamoja na mwanawe Kermit, na Desemba akafika Kisumu kwa garimoshi ili avuke ziwa kwenda Entebbe. Alikuwa na miaka 51, na hakuona mbali bila miwani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibiwa na pigo la ndondi alipokuwa ikulu. Alibeba miwani ya akiba mahali pengi ili ikivunjika moja asibaki kipofu porini, na mwenyewe alikiri kwamba hakuwa mpiga shabaha hodari. Hata hivyo yeye na Kermit waliua wanyama 512. Fedha, wapagazi, bunduki za kisasa na risasi zisizohesabiwa vilifidia jicho lililoharibika.

Wa pili ni Frederick Selous. Akiwa kijana mwaka 1872, kusini mwa Afrika, alianza kuwinda ndovu kwa gobori zito lisilo na mifuo, lililotupa risasi ya robo ratili, gramu 113 hivi. Lilimpiga teke begani hata akasema baadaye kwamba liliharibu ulengaji wake maisha yote. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza kuzuka alijiunga na jeshi akiwa na miaka 63. Juni 1915 alipanda meli Kisumu pamoja na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, wakavuka ziwa kwenda kuishambulia Bukoba iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani.

Mtu aliyeanza na gobori la enzi za misafara aliondoka bandari ya Kisumu akiwa na bunduki ya karne ya 20. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, aliuawa na mdunguaji wa Kijerumani. Inasimuliwa kwamba wakati huo alikuwa ameinua darubini kumtafuta adui. Alikuwa ametimiza miaka 65 siku nne kabla.

1952–1977: Bomba, leseni na marufuku

Baada ya vita gobori lilififia Kenya. Lilirudi kwa sura nyingine mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa. Mafundi waliowasaidia wapiganaji wa Mau Mau waliunda bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira wa magurudumu. Zilipiga risasi moja moja, na nyingine zilimdhuru mwenye kuzishika. Vilengeo hazikuwa navyo, na wapiganaji walizitumia kwa karibu sana. Karne nzima baada ya misafara ya Unguja, Mwafrika aliyefungiwa mlango wa bunduki halali alikuwa amerudishwa pale pale pa kuelekeza badala ya kulenga.

Sheria ya silaha iliyoanza kutumika mwaka 1954 ndiyo mzizi wa udhibiti wa leo. Kisha, Mei 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Tangu hapo mwindaji mzee wa Kenya, mweupe kwa mweusi, hana tena mnyama wa kumlenga. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, gobori lingali kwenye msamiati wa kila siku, mara nyingi katika habari za polisi wakiwataka wananchi wasalimishe silaha zilizofuliwa vijijini.

Leo: Walichojifunza wapigaji wazee

Kwingineko gobori limekuwa mchezo. Marekani ina chama cha kitaifa cha wapigaji wa bunduki za kushindilia tangu 1933, na wanachama wake wengi wana mvi. Kwa kuwa mashindano ya jadi hukataa darubini, wamelazimika kulisaidia jicho bila kuiharibu sura ya bunduki.

Wengine hulisogeza pengo la nyuma mbele juu ya mtutu. Likiwa mbali na jicho huonekana kwa ukali zaidi, ingawa umbali kati yake na nundu hupungua, na kosa dogo la mkono huwa kubwa shabahani. Wengine hulipanua pengo ili mwanga uonekane pande zote mbili za nundu, kwa maana jicho la mzee hushika ukanda wa mwanga upesi kuliko ukingo wa chuma. Nundu nayo hunenepeshwa, na kichwani huwekewa ushanga wa shaba, fedha au mfupa mweupe. Jua likiwa kali mno, hupakwa masizi ya taa ili isimetemete.

Kisha kuna miwani. Miwani ya kusomea haifai, kwani huiua shabaha. Kinachofaa ni lenzi ya kuonea mbali iliyoongezwa kidogo tu, kama nusu dayopta, inayolileta jicho lililotulia kwenye mita mbili. Hapo nundu na shabaha zote huwa na ukungu mdogo unaovumilika. Na kwa mwenye gumegume, ambalo hutema cheche sentimita chache kutoka usoni, miwani ni kinga kabla ya kuwa msaada.

Hila zote hizo zimesimama juu ya mambo matatu: ongeza mwanga, ongeza tofauti ya rangi, lipunguzie jicho kazi. Hakuna hata moja inayoirudisha lenzi ya ujana. Aliyeelewa hivyo huacha kugombana na macho yake na kuanza kukitengeneza anachokitazama.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 hawaoni vizuri karibu kwa sababu tu hawana miwani inayowafaa. Fundi wa Mamboleo anaweza kuwa mmoja wao, na vivyo hivyo mvuvi wa ufuo wa Dunga anayeshona wavu kwa kupapasa. Wao hawana gobori, wala hawalihitaji. Lakini dawa ya Ibn al-Haytham ni yao pia, na ni bure. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kitoboe kwa pini, kiweke karibu na jicho, usome maandishi yaliyokuwa yakikusumbua. Yakitulia, huenda shida yako ni lenzi tu na miwani itakutosha. Yasipotulia, usingoje, kwani mtoto wa jicho na presha ya macho haviponi kwa kunyoosha mkono. Kwa vyovyote vile nenda kapimwe macho, na umpeleke mzee wako.